Kutazama ndege kwenye mashamba ya mpunga ya ngazi, China vijijini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Utotoni kazi yangu wakati wa mpunga kuiva ilikuwa kuamia. Unapanda dunguni alfajiri na debe na fimbo, unapiga kelele mpaka jua lizame, kwelea kwelea wasishuke. Baadaye nikapata nafasi ya kusoma Kunming, kusini magharibi mwa China, na likizo ya kwanza nikapelekwa kuona majaruba ya milimani. Nikajikuta nimesimama ukingoni nikiwatazama ndege bila kutaka kuwafukuza. Tangu hapo nimerudi mara nyingi, na maswali ninayoulizwa ni yale yale. Nimeyajibu hapa kadiri ninavyoyajua.

China ina misitu na hifadhi kubwa. Kwa nini nihangaike na mashamba ya mpunga?

Kwa sababu jaruba la mlimani ni kidimbwi kilichopandishwa juu kwa jembe. Wachina huyaita *titian*, yaani mashamba ya ngazi, na jina limekaa sawasawa. Kule Yuanyang, kusini mwa mkoa wa Yunnan, watu wa kabila la Wahani wameuchonga mlima kwa zaidi ya miaka 1,300. Kuna mahali ukihesabu kutoka ukingo wa msitu hadi chini bondeni ngazi zinafika 3,000, na kila moja inashika maji.

Maji hayo yanazaliwa msituni, juu kabisa, na wenyeji hawaugusi msitu huo ovyo. Sehemu yake ni ya matambiko. Yanapita kijijini, yanaingia shamba la juu, yanamwagikia la chini yake, hivyo hivyo mpaka mtoni. Ukianza kutembea asubuhi kutoka juu, kabla ya chakula cha mchana umeshapita msitu wa ukungu, vichaka vya kijiji, majaruba na kingo za mto. Ndege wa kila sehemu ni tofauti. Sijui hifadhi inayokupa mabadiliko hayo yote kwa mwendo wa miguu wa asubuhi moja, tena na chai njiani. UNESCO iliyaandikisha mashamba haya kuwa urithi wa dunia mwaka 2013: hekta 16,603, zenye vijiji 82 ndani yake.

Niende wapi hasa?

Kama una safari moja tu, Yuanyang. Maeneo yanayojulikana ni Duoyishu, Bada na Laohuzui. Watu hukimbilia Duoyishu kupiga picha jua linapochomoza, na ndege wapo hapo hapo, ila shuka dakika 20 chini ya jukwaa la wapiga picha na utabaki peke yako.

Longji, katika wilaya ya Longsheng huko Guangxi, ni rahisi kufika kutoka Guilin. Mashamba ni ya Wazhuang na Wayao, na ni mazuri ajabu kwa macho. Lakini hujazwa maji zaidi mwishoni mwa Mei na Juni, kwa hiyo miezi mingine ndege wa maji ni wachache.

Congjiang, mkoani Guizhou, ni ya Wadong na Wamiao. Huko jaruba moja linabeba mpunga, samaki na bata kwa pamoja, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lililitambua kama urithi wa kilimo mwaka 2011. Treni ya mwendokasi kati ya Guiyang na Guangzhou ina kituo Congjiang, hivyo anayetua Guangzhou kutoka kwetu hana kazi kubwa.

Na kuna Yangxian, mkoa wa Shaanxi, kwenye miguu ya milima ya Qinling. Ngazi zake ni fupi na hazina sifa za picha kama za Yuanyang. Hata hivyo kwa mpenda ndege hapo ndipo penye hadithi kubwa kuliko zote, nitaieleza chini.

Msimu gani ni mzuri?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanakwenda Julai au Agosti kwa sababu picha za kijani ni nzuri. Mpunga ukishakuwa mrefu, ndege anazama humo ndani, humwoni. Utasikia tu, na jua litakuchoma bure.

Yuanyang nenda kati ya Desemba na Machi. Mpunga umeshavunwa tangu Septemba na Oktoba, mabua yamegeuzwa chini kwa jembe, na Wahani wanaacha maji yakae shambani majira yote ya baridi. Sababu yao ni ya kilimo: udongo ukikauka kwenye mteremko mkali unapasuka, ukingo unaanza kuvuja, na masika yakifika jaruba halishiki tena maji. Kwa ndege, hiyo ni meza iliyotandikwa. Hakuna majani ya kuficha kitu. Konokono, vyura na samaki wadogo wamo, na kila koikoi anaonekana mzima na kivuli chake majini.

Aprili na Mei ni wakati wa kupandikiza miche. Ndege wanaanza kuimba na kujenga viota, na kekeo wanalia mchana kutwa. Wahani wanausikiliza mlio wa kekeo kama sisi tunavyoangalia mawingu: akilia, kazi ya shamba imefika. Huu ni msimu mzuri wa kusikiliza. Ila mashamba yamejaa watu walioinama kazini, na mgeni inabidi ajue pa kupita.

Jambo moja la saa. China nzima inatumia saa za Beijing. Yunnan iko mbali magharibi, kwa hiyo mwezi Januari jua la Yuanyang linachomoza karibu saa mbili asubuhi. Usiweke kengele ya saa kumi na moja ukakae gizani na baridi kama nilivyofanya siku yangu ya kwanza.

Nitaona ndege gani Yuanyang?

Nianze na wa majini. Yangeyange wapo wa kutosha, wadogo na wale wa ng'ombe, na hawa wa pili utawakuta nyuma ya nyati-maji anayelima, hatua kwa hatua, wakiokota kinachofukuliwa na jembe. Koikoi wa madimbwi wa Kichina, *Ardeola bacchus*, ndiye ndege ninayempenda kuliko wote pale. Majira ya baridi ana michirizi ya kahawia na mwili wa rangi ya tope; anakaa ameinama na unaweza kumpita usimjue. Akiruka, mabawa yanafunguka meupe pe, kama mtu aliyekunjua shuka. Ikifika Aprili kichwa na shingo vinageuka kuwa vyekundu vya damu ya mzee, mgongo mweusi wa samawati, na unaweza kuapa ni ndege mwingine.

Kwenye mifereji tafuta ndege mdogo wa rangi ya jivu la samawati mwenye mkia mwekundu wa kutu, *Phoenicurus fuliginosus*. Mkia wake hautulii, anaufungua na kuufunga kama kipepeo anayepumua. Wahani hugawana maji kwa gogo lililochongwa mapengo na kulazwa kukata mfereji. Upana wa kila pengo ni haki ya shamba fulani, na ilikubaliwa zamani. Nilikaa nusu saa mbele ya gogo moja la namna hiyo. Maji yalikuwa yanapita katika mapengo matatu, na ndege huyu alikuwa amesimama juu ya jino lililo kati ya pengo la kwanza na la pili. Anarukia mdudu hewani, anarudi pale pale. Dume lingine likaja likakaa upande wa pengo la tatu, na hapo vita vikaanza. Nafikiri na wao waligawana mfereji.

Kwenye miti na nyaya karibu na vijiji: mlamba mweusi mwenye mkia wa uma, mbwigu mwenye mkia mrefu, kitambaa cheusi machoni na mgongo wa rangi ya kutu, shore mwenye kishungi kilichosimama na doa jekundu shavuni. Hudihudi yupo. Mdiria wa kawaida yupo, na yule mwenye kifua cheupe na mgongo wa samawati kali yupo pia. Jioni angalia angani juu ya ngazi: mwewe mdogo mweupe mwenye mabega meusi, anayepigapiga mabawa akiwa amesimama hewani.

Ukipanda mpaka msituni, ambako kuna hifadhi ya Guanyinshan, mambo yanabadilika kabisa. Ndege wa huko wanatembea makundi, wa aina mbalimbali pamoja, wanapita mbele yako kwa dakika mbili kisha kimya cha nusu saa. Ni kazi ya subira, na kama ni mara yako ya kwanza kushika darubini, ningekushauri ubaki majarubani.

Kuna ndege ninaowajua kutoka nyumbani?

Wengi kuliko unavyodhani. Yangeyange mdogo ni yule yule. Mwewe mweupe mwenye mabega meusi ni yule yule anayekaa kwenye nguzo za umeme kwetu. Ndege wa matopeni *Tringa ochropus* na *Tringa glareola*, wale wenye miguu mirefu wanaochezesha nyuma wakitembea, utawakuta Yuanyang mwezi Januari na mwezi huo huo utawakuta kwenye majaruba ya Mbarali na Mwea. Wametoka kaskazini wote, wengine wakashukia Asia, wengine wakaja kwetu.

Mbayuwayu pia. Kule wanajenga chini ya paa la nyumba, juu ya mlango kabisa, na wenye nyumba wanafurahi kwa kuwa wanaamini ni baraka. Ni aina ile ile tunayoiona Afrika Mashariki, ingawa wale wa kwetu wengi wanatoka Ulaya, na wa China wanashukia kusini mashariki mwa Asia.

Kekeo ndiye aliyenishangaza zaidi. Mwaka 2016 watafiti waliwavisha kekeo kadhaa vifaa vya setilaiti mjini Beijing ili wajue wanakwenda wapi majira ya baridi. Wakapita India, wakaivuka Bahari ya Hindi, wakatua pwani ya Somalia na kuendelea kusini. Kwa hiyo kuna kekeo wanaolia kaskazini mwa China mwezi Mei na kula viwavi vya Afrika mwezi Novemba.

Ile hadithi ya kwarara wa Yangxian ni ya kweli?

Ni ya kweli. Kwarara mwenye kishungi, *Nipponia nippon*, Wachina wakimwita *zhuhuan*, aliwahi kuenea Japani, Korea, mashariki mwa Urusi na sehemu kubwa ya China. Alikula kwenye mpunga na kulala kwenye miti mirefu ya vijiji. Bunduki, ukataji wa miti na viuatilifu vikammaliza. Kufikia miaka ya 1970 China haikuwa na uhakika kama amebaki hata mmoja.

Mtafiti Liu Yinzeng na wenzake wakazunguka miaka mitatu wakimtafuta. Mwezi Mei 1981, katika bonde la Yaojiagou, Yangxian, wakakuta jozi mbili na makinda matatu. Saba. Hao ndio waliobaki mwituni duniani kote.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kila mtu akijue, kwa sababu wengi hudhani aliokolewa na wataalamu peke yao. Kuwinda kulipigwa marufuku, miti yenye viota haikukatwa, na wakulima wa mabonde yale wakaambiwa wasitumie viuatilifu katika mashamba anakokula. Hawakuhamishwa. Walitakiwa waendelee kulima mpunga, tena kwa namna ya zamani, kwa sababu kwarara anategemea *dongshuitian*: shamba la maji ya majira ya baridi, lile linaloachwa likiwa na maji baada ya mavuno. Likikauka, hana pa kutumbukiza mdomo Januari. Kulima bila dawa ni kuvuna kidogo, na mzigo huo waliubeba wao miaka mingi kabla ya mpunga wao kuanza kuuzwa kwa bei nzuri kwa sababu ya ndege huyo. Leo kwarara wanahesabiwa kwa maelfu, na wote wametokana na wale saba. Japani, ambako kwarara wa mwisho mzaliwa wa huko alikufa mwaka 2003, imepata upya kundi lake kutokana na ndege waliotolewa na China.

Kumwona si kazi ngumu. Treni ya mwendokasi kati ya Xi'an na Chengdu, iliyofunguliwa mwishoni mwa 2017, inasimama Yangxian Magharibi. Kodi gari kwenda vijiji vya kando, tembea barabarani polepole, tazama mashamba yenye maji. Ni ndege mkubwa mweupe, uso mwekundu usio na manyoya, mdomo mrefu mweusi uliopinda wenye ncha nyekundu. Akiinua bawa ndipo utakapoona ile rangi: waridi lililochanganyika na chungwa, chini ya bawa lote. Kuanzia Februari anajipaka utando mweusi unaotoka kwenye ngozi ya shingo yake, na kichwa na mgongo vinakuwa vya kijivu. Wageni wengi hufikiri ameugua. Kumbe ndio kujipamba kwake kwa ajili ya kuzaa.

Kuanzia Machi hadi Juni wako kwenye viota. Usisogelee mti wenye kiota, hata kama kuna mtu anayejitolea kukupeleka kwa pesa.

Wakulima hawawachukii ndege?

Inategemea ndege. Shorwe, yaani shomoro, na vile vijidege vya mbegu vinavyoshuka kwa makundi mpunga ukikomaa, hapana, hakuna anayevipenda, na utaona matambara na mikanda inayometameta imefungwa kwenye fito. Mimi niliyekaa dunguni nawaelewa. Lakini yangeyange hali punje hata moja, na wakulima wanalijua hilo vizuri.

Wazee wana kumbukumbu nyingine. Mwaka 1958 serikali ilitangaza vita dhidi ya wadudu na wanyama wanne waharibifu, na shorwe akawa mmoja wao. Nchi nzima watu walipiga sufuria na ngoma ili ndege wasitue mpaka waanguke kwa uchovu. Wadudu wakaongezeka mashambani, na mwaka 1960 shorwe akaondolewa kwenye orodha, kunguni akawekwa mahali pake. Mzee mmoja alinisimulia jinsi alivyopiga beseni akiwa mtoto. Nikamwambia na mimi nilipiga debe. Tulicheka, kisha akanyamaza muda mrefu.

Siku hizi adui mkubwa wa kingo Yuanyang ni kamba mwekundu wa maji baridi aliyeletwa kutoka nje. Anachimba mashimo kwenye ukingo, maji yanavuja, na shamba zima linaweza kukauka. Yangeyange anamla. Ukimwona mkulima akimtazama yangeyange kwa upole, ndiyo sababu mojawapo.

Ninaruhusiwa kutembea juu ya kingo za majaruba?

Kwenye njia iliyopigwa mawe, ndiyo. Kwenye ukingo wa tope, uliza kwanza, na kati ya Desemba na Aprili jibu sahihi mara nyingi ni hapana. Huo ndio wakati wa kuukarabati. Mkulima anakata nyasi zote, anaparua upande wa ngazi ya juu, kisha anachota tope laini kwa jembe pana na kulipaka juu ya ukingo kama anayesiliba ukuta. Linatakiwa likae siku kadhaa ligande. Kiatu chako kikizama sentimita kumi, umefungua mlango wa maji, na yanayotoka hapo yanaharibu ukingo wa chini, na wa chini yake.

Nilifanya kosa hilo mara moja. Mama mmoja wa makamo aliweka chini kapu lake, akashuka, akaziba alama za viatu vyangu kwa viganja, moja baada ya nyingine, wala hakuniambia neno. Niliona aibu kuliko kama angenitukana. Toka siku ile nabeba darubini na nasimama barabarani.

Nibebe vifaa gani?

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, inatosha kabisa. Darubini kubwa ya miguu mitatu ni tamu sana kwa Yangxian, ambako unasimama kando ya gari, lakini Yuanyang utapanda na kushuka ngazi mia kadhaa kwa siku na utailaani. Viatu vyenye meno, koti la mvua, sweta zito la asubuhi. Mabuti ya mpira yananunuliwa katika soko lolote la mji mdogo. Kuanzia Mei beba chumvi kidogo kwa ajili ya ruba.

Vipi lugha, simu na malipo?

Jifunze sentensi moja: *Wo lai kan niao*, nimekuja kutazama ndege. Inafungua mazungumzo yote. Mwanamume dereva mwite *shifu*, fundi. Mama mtu mzima mwite *ayi*, mama mdogo. Ukianza kwa jina la heshima unapokelewa vizuri, kama kwetu tu.

Huduma za Google hazifunguki kwa mtandao wa kawaida wa China, kwa hiyo ramani na programu ya kutambua ndege vipakue kabla ya kuondoka nyumbani, pamoja na faili za ndege wa China. Malipo karibu yote ni kwa simu, kupitia Alipay au WeChat, na zote mbili zinakubali kadi za benki za kigeni. Weka na noti ndogo mfukoni kwa ajili ya wazee wanaouza mayai na machungwa njiani. Nyumba ya wageni itakuomba pasipoti ili ikuandikishe polisi. Ni utaratibu kwa kila mgeni, usishtuke. Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya tunahitaji visa ya utalii kabla ya safari.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Swali zuri, maana vijiji vya Wahani nguruwe yuko kila mahali, na hata mboga hukaangwa kwa mafuta yake. Yunnan lakini ina Waislamu wa kabila la Hui wengi tu. Tafuta maandishi ya *qingzhen*, yaani halali, katika miji ya njiani kama Jianshui. Na mji wa Shadian, karibu na Mengzi, una msikiti mkubwa na hoteli za halali kila kona. Kijijini omba mayai ya kuchemsha, wali mwekundu, viazi vya kuchoma na tofu, na mweleze mpishi mapema kwamba hutumii mafuta ya nguruwe. Mayai ya bata wa majarubani yana kiini chekundu na utamu wake ni wa peke yake.

Mimi ni mweusi. Nitasumbuliwa?

Utatazamwa sana, na utaombwa picha. Vijijini niliona udadisi kuliko ubaya, hasa kwa wazee na watoto. Usipotaka picha, tabasamu na utikise mkono, wanaelewa. Jambo lililonisaidia ni kumpa mtu darubini. Mtoto akishaona jicho la mdiria kwa darubini yako, ngozi yako imeshasahaulika na sasa ni zamu ya mdogo wake kutazama.

Vipi wale ndege walio kwenye vizimba?

Utawaona, wametundikwa kwenye mti wa kijiji au chini ya paa. Mara nyingi ni *huamei*, jina lenye maana ya nyusi zilizochorwa, kwa ajili ya mstari mweupe unaozunguka jicho na kwenda nyuma. Anaimba vizuri mno, na hiyo ndiyo bahati mbaya yake. Tangu 2021 yumo katika orodha ya ndege wanaolindwa kitaifa, daraja la pili. Sikushauri ugombane na mzee wa watu kijijini kwake. Usilipie picha tu, na usinunue.

Katika orodha hiyo ya 2021 daraja la kwanza limepewa ndege mwingine wa mashamba ya mpunga: *Emberiza aureola*, kifua cha manjano, anayeitwa *hehuaque*, ndege wa maua ya mpunga. Alipita kusini mwa China kila vuli kwa makundi makubwa kama ya kwelea, akawa kitoweo. Kati ya 1980 na 2013 alipungua kwa asilimia 84 hadi 95. Kumwinda kulikatazwa 1997, nyavu zikaendelea. Mtu akikukaribisha sahani ya "ndege wa mpunga", kataa. Ukimwona hai kwenye mabua, andika tarehe na mahali, watafiti wanahitaji taarifa hiyo.

Na ukungu ukifunga siku nzima?

Yuanyang hilo litakupata, hasa Januari na Februari. Wapiga picha hukasirika na kurudi vyumbani. Wewe vaa koti, shuka ukakae mahali pamoja penye mawe, usikilize. Utasikia maji yakimwagika kutoka shamba hadi shamba, na ukizoea utajua ngazi ipi iko juu na ipi iko chini kwa sauti tu. Bata watapiga kelele. Ndege mweupe na mweusi anayetikisa mkia atapita juu yako bila kuonekana, sauti mbili fupi, kisha nyingine mbili mbele zaidi.

Asubuhi moja nilikaa hivyo Duoyishu karibu saa nzima, sioni hata viatu vyangu vizuri. Ukungu ukafunguka kidogo, upana wa jaruba moja. Donge la tope nililokuwa nimelizoea pembeni yangu, hatua nne hivi, likanyoosha shingo, likachoma maji, likatoka na samaki mdogo mdomoni. Koikoi wa madimbwi. Alimeza, akainamisha shingo tena kama alivyokuwa, na ukungu ukarudi.